Kaa mpaka maji yarudi

Baba yangu alifariki saa tisa na nusu usiku. Mimi nilishuka basi Mombasa saa kumi na moja alfajiri. Kwa karibu mwaka mzima niliishi ndani ya ile saa moja na nusu. Kazini, jikoni, hata kwenye sala, nilikuwa nairudia hesabu ileile: lau ningepanda basi la mchana, lau nisingengoja mshahara uingie, lau tusingekaa sana Mtito Andei.

Waliokuja matangani walinifariji kwa neno milele. Walilisema kwa mapenzi, nami niliitikia, lakini halikunipa kitu cha kushika. Saa moja na nusu niliihisi mwilini kama jiwe. Milele ilikuwa sauti tu.

Kilichonifungua ni maji ya bahari. Nakueleza namna ilivyokuwa kwa sababu najua yuko mtu anayesoma hapa naye amekwama kwenye saa yake.

Nilikuwa nimekwenda kwa shangazi yangu, Watamu. Asubuhi moja nilitoka mapema nikaketi juu ya mwamba, chini ya mvinje, simu mkononi. Mzee mmoja mvuvi akapita anaelekea kwenye mashua. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikatazama simu nikamtajia tarehe. Akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo ni ya ofisini. Leo mwezi kumi na nne. Bamvua hii, siku za maji makubwa. Maji yatatoka mpaka kule," akanyoosha mkono mbali sana, "na jioni yatakuja mpaka hapo chini ya miguu yako."

Nilizima simu. Nikaamua nikae nione kama kweli.

Ushauri wangu wote umo katika hilo. Usiende ufukweni, wala msituni, wala mlimani, kwa nia ya kuitafakari milele. Hutaiweza, na utarudi nyumbani umechoka. Chagua jambo moja tu ambalo lina mwanzo na mwisho wake lenyewe, usiloweza kulihimiza wala kulichelewesha, kisha kaa nalo mpaka limalizike. Kwetu pwani jambo hilo ni maji kupwa na kujaa. Ukiwa bara, linaweza kuwa kivuli cha mti kinachozunguka shina kutwa nzima, au ukungu unaopanda kutoka bondeni.

Nusu saa ya kwanza ni mbaya, nakwambia mapema usije ukadhani umekosea. Akili inahesabu. Mkono unatafuta simu. Ile hesabu yangu ya basi ilirudi kwa nguvu kuliko siku zote, na nilikaribia kuondoka. Nilichofanya ni kuchagua ufa mmoja kwenye mwamba, ambao maji yalikuwa yakiingia na kutoka, nikautazama huo peke yake. Baada ya muda maji yakaacha kuufikia. Sikuona dakika yalipoacha. Nilikuwa nimekodoa macho na bado sikuiona.

Ilipofika saa nne maji yalikuwa yametoka kabisa na mwamba wote uko nje, mweusi, umejaa vidimbwi. Halafu pakawa na kimya nisichokuwa nakijua. Maji hayatoki, hayaji. Yamesimama. Hapo ndipo niligundua kwamba kwa muda fulani, sijui ni mrefu kiasi gani, sikuwa nimefikiria basi.

Mwamba niliokalia una habari yake, na niliisoma baadaye kwa pupa. Ni matumbawe. Wanajiolojia wanakadiria kwamba sehemu kubwa ya mwamba huu wa pwani ya Kenya ulijengeka chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Gede, mji uliojengwa kwa mawe hayohayo ukahamwa katika karne ya 17. Kuna kaburi pale lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na leo linajulikana kwa tarehe yake kuliko kwa mwenyewe aliyelala humo. Kuta zimeshikwa na mizizi. Jiwe lilikuwa bahari, likawa nyumba, sasa limo msituni.

Watu wengi wakifika hapa husema: basi sisi si kitu, maisha yetu ni tone tu. Mimi nilisema hivyohivyo kwa wiki kadhaa, na sasa naona ni kosa. Ni njia ya kukimbia maumivu kwa kujifanya hayana ukubwa. Kilichonirekebisha ni matumbawe yenyewe.

Tumbawe ni kijidudu cha baharini; hujenga chokaa yake kidogokidogo, na katika baadhi yake kila siku huacha mstari mwembamba. Mwaka 1963 mtaalamu wa visukuku John Wells, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alihesabu mistari hiyo kwenye matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Katika mwaka mmoja alikuta mistari kama 400. Siku za mwaka zilikuwa nyingi kwa sababu siku yenyewe ilikuwa fupi, kama saa 22 tu. Na kinachoirefusha siku ni haya haya maji kupwa na kujaa: yanaizuia dunia isizunguke kwa kasi yake ya zamani, huku mwezi ukisogea mbali nasi karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Umbali huo hupimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo ambavyo wanaanga wa Marekani wa safari za Apollo walianza kuviacha mwezini mwaka 1969.

Niliposoma hayo nililia. Kijidudu laini kisicho na jina kiliishi siku moja ya Jumanne isiyojulikana, kikaacha mstari, na mstari ule upo. Umri wote ule haukuifuta siku ile. Umeibeba. Basi siku za baba nazo zilikuwepo, zaidi ya 20,000, na mimi nilikuwa nimezitupa zote nikabaki na saa moja na nusu.

Ukitaka kujaribu, muulize mvuvi wa mahali hapo kabla hujakaa, maana siku za bamvua maji hurudi kwa haraka na yanaweza kukuzunguka ukiwa umeangalia mbele. Kaa juu, penye kivuli. Beba maji ya kunywa, leso ya kukalia na viatu, kwa kuwa mwamba huu unakata. Mwambie mtu uliko. Usiende na rafiki anayependa mazungumzo, hata kama unampenda sana.

Na ukipata usiku wa giza kuanzia Novemba hivi, tafuta Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho wazee walikifuata kwa kulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nuru yake husafiri kiasi cha miaka 440 kabla ya kutufikia. Ile unayoiona ilitoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1593. Itazame tu, usiulize kitu.

Siku ile nilikaa mpaka saa kumi. Maji yalirudi kwa ukimya uleule, yakaingia kwenye ufa wangu, yakaujaza, yakapanda mpaka chini ya miguu kama mzee alivyosema. Mashua yake ilikuja nayo. Alipoifunga alinikuta palepale, akaketi kando yangu bila kukaribishwa.

"Umekaa kutwa," akasema. "Nani amekufa?"

"Baba."

"Alikuwa mvuvi?"

"Hapana, mzee. Seremala."

Akaniuliza alikuwa akitengeneza nini. Nikamwambia milango. Nikamweleza alivyokuwa akipitisha kiganja juu ya ubao baada ya kupiga randa, macho ameyafumba, na alivyonifundisha kusikia kwa vidole mahali palipobaki na mikwaruzo. Niliongea mpaka adhana ya magharibi, na sikulitaja basi.