Maswali ya Wasomaji: Mkeka wa Miraba wa Kubeba

SWALI: Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa ramani na visanamu) kila wiki, kila mara nyumba tofauti. Vifaa vyote nabeba mimi kwenye begi la mgongoni, na karatasi za ramani zinachanika. Ninunue mkeka gani, na kalamu ipi?

JIBU: Anza na kalamu, ndipo uje kwenye mkeka, maana mikeka mingi huuawa na wino kabla haijachakaa.

Mkeka wa vinili, mfano Battlemat za Chessex, unataka maka peni ya wino unaofutika kwa maji. Ile ya ubao mweupe usiiguse hapo kabisa: vinili hufyonza rangi, na ukisugua unazidi kuitawanya. Hata kwa kalamu inayofaa, futa kwa kitambaa kibichi mchezo ukiisha tu. Nyekundu ikilala usiku kucha huacha kivuli cha waridi kisichotoka, kwa hiyo jaribu kila rangi kwenye kona kwanza. Vinili haikunjwi, huviringishwa, tena upande wa kuchorea ukae nje. Ukiutandaza, kingo zitalala mezani badala ya kuinuka na kuangusha visanamu. Tatizo kwako ni begi: bomba la sentimita 60 hivi litachomoza nje.

Kwa hiyo chukua wa kukunja wenye ngozi ya plastiki. Flip-Mat ya Paizo ni inchi 24 kwa 30, ikikunjwa inabaki 8 kwa 10 na kuingia pamoja na madaftari. Inapokea kalamu zote, hata ya kudumu: pitisha ya ubao mweupe juu ya mstari uleule, kisha futa kabla haijakauka. Udhaifu wake ni mikunjo, ambapo visanamu vyepesi huyumba. Ikunje kinyume, uilaze chini ya vitabu kwa dakika 10 kabla ya kucheza.

Ukubwa usiupuuze. Mraba wa inchi 1 ni futi 5 za mchezoni. Mhusika wa mwendo wa futi 30 anapita miraba 6; Fireball, uchawi wa mlipuko wa moto wenye nusu kipenyo cha futi 20, inatanda miraba 8 kutoka ukingo hadi ukingo. Mkeka wa miraba 12 kwa 12 hauachi pa kukimbilia. Usishuke chini ya 20 kwa 20. Pembesita badala ya miraba zinafaa kwa ramani za porini, ila kuta za vyumba huzikata vipande.

Mfuko ukibana, chapisha karatasi 6 za A4, kila moja miraba 7 kwa 10. Kata kingo nyeupe, zipige lamineshani, kisha punguza plastiki ukiacha milimita 2 pande zote. Ukikata hadi kwenye karatasi, maji yataingia na wino utavuja. Ziunge kwa selotepu upande wa chini, 3 kwa 2, upate miraba 21 kwa 20. Mwambie mwenye duka achapishe kwa asilimia 100. Mashine ikiachwa ibane ukurasa yenyewe, miraba husinyaa na visanamu vya kitako cha milimita 25 vinasukumana. Pima kwa rula kabla ya kulipia: miraba 10 iwe sentimita 25.4.