Dakika 22 za Tanga–Pemba zilizonikosesha nikaha ya mdogo wangu

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, Tanga mpaka Pemba kwa ndege ni dakika ngapi? Nina harusi Jumamosi saa nne, nataka niruke asubuhi hiyo hiyo." Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Jibu lenyewe ni jepesi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 83, na Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, huzimaliza kwa dakika 20 hadi 25. Chukulia mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ongeza dakika chache za kupanda na kushuka. Ila ukitafuta mtandaoni andika PMA, herufi za uwanja wa ndege wa Pemba yetu, usiandike Pemba tu. Mie mara ya kwanza niliambiwa karibu kilomita 900, nikajiuliza bahari imepanuka lini. Kumbe nimepelekwa Pemba ya Msumbiji!

Basi nikajiona mjuzi. Mdogo wangu anaolewa Chake Chake, baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, walii, yaani wa kumuozesha, ni mie. Nikaha Ijumaa saa nne asubuhi, ndege saa mbili na nusu. Mama, aliyevuka mapema na shangazi zangu, alinisihi: "Mwanangu, njoo Alhamisi." Nikamjibu kwa simu, kwa kiburi hasa, "Mama, ni dakika 22." Akanyamaza.

Asubuhi ile nikapimwa mie, kisha mzigo. Kapu la machungwa ya Muheza kilo 19, ruhusa kilo 15. Nikawa natoa chungwa moja moja mbele za watu, jicho kwenye mizani. Na haraka yote ile ya nini? Ndege yenyewe iko Unguja, na Unguja masika imefunga anga. Saa tatu ikapita. Saa nne kasoro robo simu ikaita, shekhe yuko kwenye simu, wageni wamekaa. Nikiwa pale kwenye benchi, kanzu imo kwenye mfuko wa nailoni mapajani, nikampa ami uwakili amuozeshe mdogo wangu. Nilirudia maneno mara mbili maana sauti ilikuwa haitoki. Mzee niliyekaa naye, simjui hanijui, akaitikia "Amin."

Tuliruka saa tano na dakika 10. Magurudumu yaligusa Pemba saa tano na dakika 32. Dakika 22 kamili! Hesabu yangu haikukosea, na hilo nitalisema mpaka kesho.

Tatizo letu vijana tunahesabu kuruka, hatuhesabu kungoja. Ndege hizi ndogo ni kama daladala la angani: inatoka kituo kingine, ikikwama huko nawe umekwama, na pengine itakupitisha Unguja kwanza. Ukishuka bado unatafuta gari la kukufikisha mjini. Kwa hiyo ndugu yangu wa Jumamosi, vuka Alhamisi. Ikishindikana, Ijumaa asubuhi. Mzigo pima nyumbani. Na mama akikwambia vuka mapema, vuka mapema; usimtajie dakika.

Pilau niliikuta, tena ya moto. Mama alinipakulia bila neno. Ami ndiye hajaniacha: kila tukionana huinua mkono wenye saa na kuniuliza, "Walii, sasa hivi saa ngapi?"