Dawa za mtoto zisiishie getini

Jioni hii mama mmoja ameniandikia. Mwanawe wa miaka 15 amepelekwa mahabusu ya watoto, ana kifafa, na dawa zake zimebaki nyumbani. Anauliza kama asubiri siku ya kutembelea. Usisubiri, mama. Piga simu usiku huu huu, kisha alfajiri uwe getini.

Wangu alipochukuliwa, nami nilifika na bahasha ya vidonge. Askari akaitia kwenye droo, akasema, "Atapewa." Nikarudi nyumbani nimetulia. Siku ya tano nikaruhusiwa kumwona: ulimi umeng'atwa, umevimba upande mmoja, hata neno "mama" analitamka kwa shida. Wakaniambia amekuwa akijiangusha makusudi. Nikaiomba bahasha yangu. Ikatolewa kwenye droo ileile, gundi yake haijabanduliwa. Hadi leo nikisikia droo ikifungwa, moyo unashtuka.

Miezi iliyofuata siisimulii. Mwanangu alitoka, anaendelea na dawa, na mimi nilisoma kila nilichokipata.

Kumbe tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa una kanuni za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinazoitwa Kanuni za Havana. Ya 50 inampa mtoto haki ya kupimwa na daktari mara tu anapopokelewa. Ya 51 inataka anayelalamika kuumwa apimwe haraka. Hakuna mlezi wa kituo aliyepewa kazi ya kuamua nani anajifanya. Na ya 56 inasema mtoto akihitaji matibabu humo ndani zaidi ya saa 48, mkuu wa kituo aijulishe familia mara moja. Mimi sikujulishwa.

Kwa hiyo nenda na barua ya hospitali yenye jina la dawa, kipimo na saa za kumeza. Andika jina la anayezipokea. Omba kuonyeshwa alikopimwa na nani, lini. Ukijibiwa kwa mdomo, omba kwa maandishi.

Wazazi wenzangu, aibu ndiyo inayotufunga. Tunasimama getini tumeinamisha vichwa kana kwamba sisi ndio washtakiwa, tunashukuru hata kwa kukaripiwa. Mtoto anaweza kuwa na kosa, lakini hakuna hakimu aliyemhukumu kuugua. Inua kichwa, uliza!

Mama, umeniambia kidonge cha mwisho alimeza jana asubuhi. Ukimaliza kusoma hapa, chukua simu.