Mti wa eshi wenye matundu ya umbo la D: kutibu au kukata?

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama mti wa eshi (ash kwa Kiingereza) ulio mbele ya nyumba yenu huko Ohio, Marekani, ambao umeanza kukauka kileleni na una matundu ya umbo la D, utibiwe au ukatwe. Nimefanya kazi ya kutunza na kukata miti hapa Michigan, jimbo ambako mbawakawa wa kijani anayetoboa matundu hayo na kuua eshi, Agrilus planipennis, mwenyeji wa Asia ya Mashariki, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Jibu langu linategemea jambo moja: kilele kimebakiza majani kiasi gani.

Usipoteze muda kumsaka mbawakawa mwenyewe. Ni mdudu mzuri kwa kweli, anang'aa kijani cha madini, lakini urefu wake haufiki sentimita moja na nusu, na majani anayokula hayaudhuru mti sana. Muuaji ni buu, yaani mtoto wake anayeishi chini ya gome. Ukibandua gome la tawi lililoshambuliwa utakuta vijia vilivyopindapinda, vimeshindiliwa unga wa mbao, na mwisho wa kijia kimojawapo buu bapa, rangi ya maziwa, mwenye pingili zinazofanana na kengele ndogo zilizopangwa mstari. Huyo hula tabaka laini linaloteremsha chakula kutoka majanini hadi mizizini, na vijia vikishalizunguka shina, mti hufa kwa njaa. Tundu analotokea akishakomaa lina upande mmoja ulionyooka, upana wa milimita 3 hadi 4. Vigogota nao huwahi kutujulisha, kwani wakidonoa gome kuwatafuta mabuu huacha mabaka meupe yanayoonekana tangu barabarani.

Kama kilele hakijapoteza zaidi ya theluthi moja ya majani, mwite mtaalamu mwenye leseni adunge shina kwa emamectin benzoate, dawa ya kuua wadudu inayorudiwa kila baada ya miaka 2 au 3. Kikishapoteza zaidi ya nusu, sikushauri utoe hata dola moja ya dawa, kwa sababu njia za kuipandisha huwa zimeharibika. Hapo mti ukatwe, tena mapema: eshi iliyokufa huvunjika ghafla bila dalili, ni hatari mno kwa anayeupanda, na gharama ya kuuangusha hupanda kila unapoendelea kukauka.

Kuni zake zitumieni hapohapo nyumbani. Mabuu huendelea kukomaa ndani ya magogo na kutoka majira ya joto yanayofuata, kwa hiyo msizibebe kwenda kupiga kambi wala kumpelekea ndugu wa jimbo jingine.