Sanamu ya mpingo inayoyumba: usiitoboe

Mkuu, umesema sanamu ya Kimakonde ya marehemu babu yako inayumba mezani na fundi amekushauri atoboe chini apachike boliti. Usikubali. Mimi nilishatoboa.

Ilikuwa ya mama na mtoto, kimo kama sentimita 60. Niliweka boliti ya milimita 8, nikakaza, ikasimama kama askari wa gwaride. Mwenye mali akaenda kuiweka kwenye chumba cha AC. Mbao ikakauka ikajibana, chuma kikabaki vilevile, na ufa ukapanda kutoka kwenye tundu mpaka kwenye goti la mama. Mpingo ni mgumu, lakini nao unatanuka na kusinyaa kama mbao nyingine.

Siku hizi sanamu haiguswi na drili wala gundi. Chukua waya laini wa umeme, ukunje taratibu kufuata mgongo wa sanamu mpaka kiunoni: hiyo ndiyo ramani ya fundi wa kuchomelea. Atakata bamba zito la chuma la kukalia, atachomelea fito nyembamba nyuma, na juu yake vidole viwili vya kukumbatia kiuno. Vidole viishike tu, visiibane. Uzito wote ubaki kwenye bamba. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitumbukizwa majini unazama, kwa hiyo usibanie bamba. Pale miguu inapopwaya, weka vipande vya ile sponji nyeupe nyembamba inayofunika kioo cha TV mpya. Usitumie mpira wa tyubu, unaacha doa. Na sanamu ibaki nyumbani, usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea! Fundi mmoja aliijaribishia sanamu chuma ambacho hakijapoa, alama ya kuungua ipo hadi leo.

Ikiwa sanamu ilikuja na kitako cha zamani, usikitupe hata kama ni kibaya. Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, Mjapani Kichizo Inagaki aliwachongea wakusanyaji vitako vya sanamu za Kiafrika, na leo wanunuzi wanapindua sanamu kwanza kutafuta mhuri wake.

Lile lipiko ulilotaja, yaani kinyago cha ngoma cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani kama kofia, ni habari nyingine. Watu wanalisimamisha wima kama chungu, uso unatazama mbele, wanadhani wamemaliza. Mchezaji halivai hivyo. Analiinamisha nyuma, yeye anachungulia kupitia mdomo wa lipiko. Kwa hiyo stendi iwe mti mfupi unaoingia ndani, juu una kichwa cha mviringo kilichofunikwa sponji, ubebe lipiko utosini, huku uso umeinuka kidogo. Ukingo wa chini usibebe kitu, mbao yake ni nyepesi na ndiyo inayomeguka kwanza. Kama lina nywele, hizo mara nyingi ni za binadamu na zimegandishwa tu. Vumbi lipulizie kwa mdomo, usisugue.

Na mdau aliyeuliza kwenye uzi huu stendi ya kigango (nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu) alichouziwa Malindi: hiyo kazi siifanyi. Vigango vya Wamijikenda husimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, na vingi viliibwa. Makumbusho moja ya Denver, Marekani, ilirudisha 30 Kenya mwaka 2019. Wewe uko karibu zaidi, anza na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.