Makopo ya spirei chini ya bati: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja. Watu wengi Dodoma wamejenga, banda la gari limegeuka karakana ndogo ya nyumbani, na makopo ya rangi, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), vanishi na vilainishi yamezidi kuongezeka bila mahali pake. Nimeanza na swali ambalo lisingeweza kusubiri.

Swali, Nzuguni: Shikamoo fundi. Nina makopo kama thelathini ya spirei. Nimeyapanga kwenye ubao juu kabisa, karibu na kenchi, ili watoto wasiyafikie. Banda ni la bati, halina dari. Mke wangu anasema ni hatari, mimi naona ni usalama. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mkeo yuko sahihi, na nakuomba uyashushe leo kabla hujaendelea kusoma.

Ndani ya kopo la spirei kuna rangi, kimiminika cha kuiyeyusha, na gesi ya kuisukuma itoke. Gesi hiyo mara nyingi ni propeni na buteni, yaani ndugu wa gesi ya mtungi tunayopikia. Humo ndani imebanwa ikawa kimiminika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyotaka kurudi kuwa hewa. Kutoka nyuzi joto 20 hadi 50 za sentigredi, msukumo wa ndani huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana makopo mengi huandikwa onyo kwamba yasipite nyuzi 50. Zikipitwa, kopo linaweza kuvimba kitako, kuvuja, au kupasuka.

Utasema Dodoma haifiki nyuzi 50, na ni kweli: hata Oktoba na Novemba, miezi yetu ya joto kali, mchana huwa nyuzi 31 au 32 hivi. Lakini hicho ni kipimo cha hewa kivulini. Bati tupu lililopigwa na jua tangu asubuhi huwa la moto kiasi cha kuunguza kiganja, na hewa ya moto hupanda na kukaa palepale kwenye kenchi ulipoweka makopo yako. Sehemu ya juu ya banda ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa wapi? Hapa ndipo watu hukosea kwa kuanza na shelfu badala ya kuanza na ukuta. Ukuta wa magharibi uache, kwa sababu unapigwa jua la alasiri na hutoa joto hadi usiku. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita huwa utosini kabisa, kisha huelekea kusini hadi Desemba. Maana yake katika miezi ya joto ukuta wa kaskazini ndio huwa kivulini. Bora zaidi ni ukuta ambao banda linachangia na nyumba, kama upo, mradi upande wa pili usiwe jiko. Panga kati ya usawa wa goti na usawa wa kifua.

Kuhusu watoto, hofu yako ni ya haki kabisa. Lakini dawa yake ni kufuli. Tengeneza kabati la mbao lenye mlango, toboa matundu ya hewa chini na juu, kisha funga. Mvuke wa rangi hizi mtu akiuvuta kwa makusudi unaweza kusimamisha moyo palepale, hata kwa kijana mwenye afya, kwa hiyo kufuli si kwa ajili ya wadogo tu. Halafu nunua kipimajoto cha bei ndogo, kitundike ndani ya kabati, ukisome saa tisa alasiri siku ya jua kali. Kikikaribia 40, hapo mahali bado si penyewe. Ukipata uwezo wa kuweka dari, hata ya silingibodi nyepesi, banda zima litakushukuru.

Swali, Chamwino: Nimeona watu wanakata bomba la PVC vipande vipande, wanayafunga ukutani, na kila kopo linalala kwenye tundu lake. Inafaa? Nipe na vipimo.

Jibu: Inapendeza kwa macho, ila kwa makopo yaliyojaa siipendi. Kopo likilala miezi, rangi nzito hutuama ubavuni na kuganda pembeni, na siku ya kutumia utatikisa mpaka mkono uchoke. Watengenezaji wenyewe huelekeza kopo lisimame wima. Ukitaka mabomba, tumia la inchi 3, kata vipande vya sentimita 15, piga msasa kingo, na uvifunge vikiwa vimesimama au vimeinama kidogo tu. Bomba la inchi 2 halifai, kopo halitaingia.

Mimi nakushauri shelfu nyembamba. Kopo la kawaida la mililita 400 lina kipenyo cha milimita 65 na urefu wa kama sentimita 20. Mbao ya moja kwa sita (kwa inchi) ina upana wa sentimita 15 hivi, hivyo inabeba safu mbili. Kwenye urefu wa mita moja utaweka makopo 14 mbele na 14 nyuma bila kubanana. Acha sentimita 35 au zaidi kati ya shelfu na shelfu ili mkono uingie. Safu ya nyuma iinue kwa kipande cha mbili kwa nne, ili uone kila kopo bila kuhamisha jingine. Mbele pitisha flatibaa au waya mgumu, sentimita 6 juu ya ubao, kopo lisianguke mtu akigonga ukuta. Kopo linaloangukia pua, yaani kile kitufe cha kupulizia, linaweza kuanza kupuliza lenyewe, na usiku hutajua.

Usiamini rangi ya kifuniko. Vifuniko huchanganyika, na kuna siku utapaka geti rangi ya maziwa ukidhani ni nyeupe. Puliza tone kwenye kipande cha kadi, kigundishe kwenye ukingo wa shelfu chini ya kopo lake, na kwa maka peni uandike kwenye kopo lenyewe mwezi na mwaka ulionunua.

Kwa upangaji, wengi hupanga kwa rangi. Panga kwa kazi: praima pamoja, rangi za chuma pamoja, vanishi pamoja. Vilainishi vipe kabati lao, sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Swali, Kizota: Nikipaka rangi fremu ya baiskeli, rangi inakimbia na kuacha vitobo vya duara kama macho ya samaki. Nimebadilisha kopo mara mbili, hali ni ileile.

Jibu: Kopo halina kosa. Hiyo ni silikoni au mafuta juu ya chuma. Kilainishi cha silikoni kikipulizwa karakanani, chembe zake huelea na kutua kwenye kila kitu, pamoja na matambara na mikono yako. Kiweke mbali na rangi, kitumie nje, na matambara yake yasiguse kazi ya rangi. Vivyo hivyo WD-40 (mafuta ya kulainisha ya kopo) na grisi za kupuliza. Hiyo fremu ioshe kwa maji na sabuni, ifute kwa thina na kitambaa safi, piga msasa, ifute tena, ndipo upake.

Swali, Kisasa: Mimi ni mama, natengeneza samani za watoto nyumbani. Kila nikirudi kwenye kopo nililotumia nusu, pua imeziba. Na mengine yameota kutu chini. Nayatunzaje?

Jibu: Mama, hongera kwa kazi. Kuziba kunazuiwa siku ileile unapomaliza. Pindua kopo kichwa chini, bonyeza sekunde chache kwenye gazeti kuukuu mpaka itoke hewa tupu isiyo na rangi. Kopo likiwa limepinduliwa, mrija wa ndani unakuwa umebaki kwenye gesi, kwa hiyo gesi ndiyo inayosafisha njia. Kisha futa pua, rudisha kifuniko. Kifuniko ni lazima kwetu: kuanzia Juni upepo wa Dodoma hubeba vumbi jekundu mpaka ndani ya makabati.

Kuna makopo machache yaliyotengenezwa yapulize hata yakiwa yamepinduliwa. Hayo, na pua zilizokwisha kuziba, chomoa pua, itumbukize kwenye kikopo chenye thina kwa dakika kadhaa, ipulize, irudishe. Usichokonoe pua ikiwa bado kwenye kopo, na usiingize sindano wala waya kwenye tundu la kopo lenyewe. Likifunguka halitafungika, na yote yatakurukia usoni.

Kutu inatoka sakafuni. Sementi hunyonya unyevu msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kitako cha kopo ndicho kina maungio yanayoanza kulika. Weka juu ya mbao, futa kopo kama liliguswa na maji. Lenye kutu ya juujuu litumie kwanza. Lenye kutu ya kubanduka magamba, usilitunze hata kama limejaa.

Swali, Nkuhungu: Banda hilohilo nachomelea mageti, nina grenda na jenereta. Spirei nazo zimo. Niweke umbali gani?

Jibu: Ndugu yangu, hapa nakuomba usitafute umbali, tafuta ukuta. Cheche za grenda huruka mita nyingi na kudunda. Makopo yakae chumba kingine au kwenye kabati la chuma nje ya eneo la kuchomelea, upande wa kivuli.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, buteni mara mbili. Zikivuja hazipandi zikatoke kwenye matundu ya juu. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya kwenye kona na kwenye shimo la kukagulia gari, na kusubiri cheche. Kwa hiyo tundu la hewa la chini kabisa ya ukuta lina kazi kubwa kuliko dirisha. Usiweke makopo karibu na shimo hilo, wala karibu na jiko la mkaa, jenereta, chaja ya betri au friji kuukuu, kwa sababu swichi ya friji nayo hutoa cheche. Siku ya kupuliza rangi, hakuna kuchomelea. Ukimaliza, acha milango wazi mpaka harufu iishe kabisa.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu ufunge karibu na mlango wa kutokea, usiufunge karibu na makopo. Ukiwaka moto hutaweza kuufikia. Na makopo yakishaanza kupasuka, usijaribu ushujaa: toa watu, piga 114 ya Zimamoto.

Swali, Mpwapwa: Asubuhi za Juni na Julai rangi inatoka matonematone. Kopo ni jipya.

Jibu: Baridi imepunguza msukumo. Lisimamishe kopo dakika kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unakaa ndani bila shida, likaushe, litikise dakika mbili baada ya kusikia gololi ya ndani ya kopo ikigonga. Kamwe usiliweke jikoni wala juani kwenye bati. Au subiri saa nne, jua lipashe hewa, maana chuma nacho kikiwa baridi rangi haishiki vizuri.

Swali, Ipagala: Makopo yaliyoisha nayatupa kwenye shimo la taka uani, tunachoma kila Jumamosi. Majirani wanalalamika milio.

Jibu: Majirani wana haki, na wewe una bahati. Kopo unaloliita tupu bado lina gesi iliyobaki, na mara nyingi rangi kidogo. Likichomwa hupasuka, na kile kitako cha chuma huruka kwa kasi ya kutoboa ngozi. Watoto ndio husogelea moto wa uani.

Acha kuchoma. Kopo likikaribia kuisha, litumie lote nje, penye upepo, kwenye kipande cha boksi, mpaka lisitoe hata hewa. Usilitoboe kwa msumari wala kulikata kwa grenda. Yaweke kwenye ndoo ya peke yake, kivulini, kisha mpe mnunuzi wa vyuma chakavu ukimweleza wazi ni ya spirei, asiyachanganye na ya kuchomelea au kuponda. Dawa za mbu na za mende za kupuliza ni makopo ya namna hiyohiyo, nazo ziingie ndoo hiyo, zisiende shimoni.

Swali, Manyoni: Nanunua Dodoma mjini, nasafiri nayo kwenye gari. Kuna tatizo?

Jibu: Safarini hapana, yakiwa yamesimama kwenye boksi, vifuniko viko juu, na dirisha limefunguliwa kidogo. Tatizo ni ukisimama kula. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 upesi, hasa kwenye dashibodi. Egesha kivulini, na ukifika yashushe kabla ya mizigo mingine.