Kwa mnaorudi Tanga na shahada: jifunzeni kazi yenyewe

Wadogo zangu mliovua majoho juzi, mkarudi nyumbani Ngamiani, Chumbageni, Sahare au kule Muheza kwa wazazi, hongereni sana. Kila mwaka ofisini kwetu, tunakotoa mizigo ya watu bandarini, wanakuja wenzenu kujifunza. Wana akili na wana hamu. Wengi wanakwama mahali pamoja: wanashika chombo cha kufanyia kazi, kazi yenyewe inawapita.

Nieleze kwa bandari yetu. Miaka nenda miaka rudi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga, maana kina kilikuwa mita 3 tu. Zilitia nanga nje, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Riziki za watu wengi zilikaa kwenye safari ile fupi: nani anaita tishari, nani anahesabu kule melini, nani anahesabu huku, gunia likipungua njiani anaulizwa nani. Kisha kina kikachimbwa hadi mita 13, gati la mita 450 likajengwa, na meli sasa zinafunga kamba papo hapo. Aliyejua zamu za matishari peke yake, ujuzi wake uliishia hapo. Waliojua mzigo, wanaosoma hati ya shehena hadi mstari wa mwisho, wanaojua kipi hakivumilii unyevu na nani apigiwe simu hesabu zikigongana, hao walihama pamoja na kazi.

Nanyi mtaonyeshwa programu ya kompyuta, mtaizoea upesi kutushinda sisi. Msiishie hapo. Ulizeni takwimu hizi anapelekewa nani, na zikichelewa kinasimama nini. Anayejua jibu mara nyingi hana shahada. Ni mzee wa ghalani au karani aliyeanza kazi ninyi hamjazaliwa. Mwamkie shikamoo kila asubuhi, si siku ile tu unayomhitaji. Kaa naye saa ya chai. Atakueleza mambo ambayo hayakuandikwa popote, na atakueleza kwa sababu umekaa naye.

Kuhusu kujitolea, naunga mkono, ila kwa masharti. Kabla hujaanza, omba barua inayotaja muda, kazi utakazofanya, na kama kuna nauli na chakula. Miezi ikipita nawe bado unatumwa vocha na kutoa fotokopi, aga kwa heshima uondoke. Huko ni kunyonywa, na kunawauma zaidi watoto wa wazazi wasio na kitu.

Ajira za Serikali ombeni kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kuomba ni bure. Anayetaka fedha ili akupitishe ni mwizi. Anayetaka biashara naye asidharau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na ingia kikundi cha watu ambao umeshawaona wakifanya kazi.

Sasa mshahara wa kwanza, maana hapa naona machozi. Tuseme umeajiriwa kampuni binafsi kwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000. Kama ulisomeshwa kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 90,000. NSSF asilimia 10, yaani 60,000. Umebaki na 450,000, na kodi ya mapato bado haijakatwa. Nyumbani wao wamesikia laki sita. Mama ameshapanga bati za jikoni, mjomba ameshataja ada ya mdogo wako. Usinyamaze ukakimbilia mikopo ya kwenye simu ili kuwaridhisha. Chukua hati yako ya mshahara, kaa na wazazi chumbani, wasomee kila kato, kisha taja kiasi unachoweza kutoa kila mwezi, hata kikiwa elfu ishirini. Mjomba atamsikiliza mama kuliko atakavyokusikiliza wewe, kwa hiyo mama na aanze kuelewa.